Nani Alikusalimia Siku Hiyo?

Tusidanganyane: Perpetua alikuwa na wivu. Haukuwa ule wivu mwepesi wa leo upo kesho haupo. Ulimkaa kooni kama mfupa wa samaki, kuumeza hawezi, kuutema hawezi. Kila asubuhi alipokuwa akifagia uwanja wake, alisimama katikati ya kazi kuhesabu watu waliopita njia ya juu kwenda kwa Ligeri. Jumatatu walipita watatu. Jumanne wanne, na mmoja wao alikuwa mke wa katekista, ambaye miaka yote hakuwahi kugombana na mumewe bila kuja kwanza kulia kwa Perpetua.

"Amani, Mama Perpetua!" mke wa katekista aliita kutoka njiani. Hata hakusimama.

"Amani," Perpetua alijibu, halafu akauambia ufagio, "Haya, nenda. Kamasi zako nimezifuta mimi, leo mlango wangu umeota miiba!"

Miaka ishirini na sita, na hapo haongezi hata mmoja. Alianza kazi ya usuluhishi tuliporudi kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, wakati kila mtu hapa kilimani Rusagara alikuta maharage ya jirani yameota shambani kwake, na watu wanalala na mapanga chini ya mkeka. Perpetua alitembea nyumba kwa nyumba. Hakuwa hakimu. Hakimu anasema nani kashinda, kisha wote wawili wanarudi nyumbani kuendelea kutemeana mate. Yeye alimkalisha aliyekosa na aliyekosewa, na watoto wao, na majirani wao, mpaka kosa litajwe kwa jina lake na lipatiwe dawa. Halafu kwa mwaka mzima alirudi kila wiki kuangalia kama dawa imeshika. Akafundisha na wengine. Amelea wasuluhishi tisa, mmoja sasa ameajiriwa na jimbo kule Ngozi, ana hadi meza. Ligeri alikuwa wa tisa, kitinda mimba.

Na alikuwa na swali lake, Perpetua, alilolibuni mwenyewe. Wengine wakimkalisha mwizi humuuliza, kwa nini uliiba? Mwizi anaanza kudanganya hapo hapo. Perpetua aliuliza, "Siku hiyo, kabla hujafanya, ni nani aliyekusalimia?" Watu walicheka mwanzoni. Lakini aliyeulizwa alianza kuihesabu siku yake tangu alipoamka, na mara nyingi alikuta hakuna, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza.

"Ukishauliza, funga mdomo," alimfundisha Ligeri. "Usimsaidie mtu kujibu."

Yeye mwenyewe hilo la kufunga mdomo lilimshinda maisha yake yote, na alilijua. Ligeri aliliweza. Yule msichana, namwita msichana na ana miaka thelathini na minne na watoto watatu, alijua kunyamaza mpaka unajikuta unamwambia mambo ambayo hata padri hujamwambia.

Basi wazee wa fimbo wakaja kwa Perpetua na kibuyu cha pombe ya ndizi. Fimbo ninayoisema ni ile ndogo ya msuluhishi, ya kugonga chini kabla ya kusema. Ikigonga, hata mlevi ananyamaza. Kwetu ilishikwa na wanaume tu tangu mababu, wake zao wakikaa nyuma yao kula heshima pembeni. Na marehemu mume wa Perpetua hakuwa na fimbo, kwa hiyo hata hiyo heshima ya pembeni hakuila.

"Tumekubaliana," alisema Mzee Baragahorana, mkubwa wao, "mwaka huu fimbo moja apewe mwanamke, kwa jina lake mwenyewe."

Moyo wa Perpetua uliruka. Jamani, aliangalia hata ukuta, pale kwenye msumari wa kalenda, akaona fimbo itakapokaa.

"Ligeri," alimalizia mzee.

"Ligeri," Perpetua alirudia.

"Si umemlea wewe? Utakuwa mama yake wa fimbo. Siku ya kumpa tukikuuliza habari zake, utasimama umsemee. Bila neno la mama wa fimbo hapewi mtu." Kisha mzee, akidhani anamwagia asali, akaongeza, "Wewe mwenzetu umeshakuwa mwalimu bwana, fimbo ya nini tena!"

Perpetua alicheka na meno yote. Walipoondoka, pombe iliyobaki akaimwagia migomba.

Angemeza labda, kama si habari ya Savera na Konsolata.

Hawa wawili waliolewa na ndugu wawili, milango yao inatazamana katika uwanja mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja hawakuwahi kuombana hata moto. Zamani zile mtu aliingia shambani kwa Konsolata akang'oa miche yote ya kahawa, akailaza chini mstari kwa mstari. Kilima kizima kilijua ni Savera. Savera alikataa. Perpetua aliwakalisha mara saba, na mara zote saba waliishia kutukanana mpaka mbuzi wakakimbia.

Ligeri aliwakalisha mara tatu. Mara ya tatu Savera akaomba waingie ndani na Ligeri, Konsolata abaki nje, na Perpetua, kwa kuwa ndiye mwalimu, akaingia nao akakaa karibu na mlango. Ligeri akauliza lile swali. Kisha akanyamaza. Akanyamaza sana. Perpetua alishindwa kuvumilia, akafungua kinywa amsaidie Savera kidogo, na Ligeri, bila hata kugeuka, akamgusa goti kwa vidole viwili: bado. Mwanafunzi anamnyamazisha mwalimu wake! Perpetua aliwaka mwili mzima.

Na Savera akasema. Wiki ile miche iling'olewa, watoto wawili wachanga wa uwanja ule walishikwa na homa moja. Wa Konsolata alipona. Wa Savera alizikwa Alhamisi.

"Watu walikuja kunipa pole," alisema, "halafu wakitoka wanaingia mlango wa pili kumbeba yule aliyepona, wanamchekea. Siku hiyo hakuna aliyenisalimia. Pole walinipa, kunisalimia hawakunisalimia. Nikamwona anavyonyonya, nikasema moyoni, kwa nini si huyu? Kwa nini Mungu hakumchukua huyu?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Ndipo nikaingia shambani. Habari ya miche nitaisema mbele ya watu wote. Hii ya mtoto, nawaomba, ibaki humu."

Kwetu msuluhishi akipewa neno la ndani humwaga maji kizingitini, kwamba neno limezikwa pale. Akilifukua, hakai tena mbele ya watu kusuluhisha mpaka kufa. Ligeri akamwaga. Perpetua naye akamwaga.

Siku iliyofuata Savera alikiri habari ya miche, akakubali kupanda mingine na kuipalilia kwa mikono yake misimu mitatu. Konsolata alilia, kikaletwa chungu cha pombe ya mtama, mirija miwili, wakanywa pua kwa pua, na vigelegele vikapanda mpaka kilima cha pili. Savera akainuka. Perpetua akafungua mikono kumpokea. Savera akampita akaenda kumkumbatia Ligeri, na ile mikono ya Perpetua ikabaki hewani mpaka akajifanya anaweka sawa kitambaa chake begani.

Tangu hapo hakulala vizuri. Akila, anamwona Ligeri. Akisali, katikati ya Salamu Maria anasikia vile vigelegele.

Ikafika siku ya kupeleka kahawa kituoni kuoshwa. Njia imejaa watu, vikapu vichwani, kila mdomo Ligeri hivi, Ligeri vile. Savera na Konsolata wakampita wamebeba kikapu kimoja kwa pamoja, kila mmoja na mshikio wake, wanachekeana kama wari, wala hawakumwona. Mke wa katekista akampita. Hata wale mapacha wa Butoyi, aliowaokoa wasigawane nyumba ya baba yao kwa shoka, walipita na baiskeli yao wakimpigia kengele awapishe.

Ligeri peke yake aliacha nafasi yake kwenye foleni, akaja mbio, akamtua kikapu, akamshika mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko kama inavyotakiwa.

"Amani, mama! Umeamkaje? Magoti yanasemaje leo?"

"Yanasema yamechoka kukuona."

Ligeri akacheka, akadhani ni utani, akakibeba kikapu kile hadi kwenye mizani.

Perpetua akaenda kupumzika kwa Leokadia, muuza pombe ya ndizi, mwanamke ambaye ukimwambia neno saa nne, saa sita linakurudia limevaa viatu.

"Hebu niambie wewe uliyemfundisha," Leokadia alisema akimmiminia, "huyu Ligeri ana dawa gani? Wewe miaka kumi na mmoja umeshindwa, mwenzako siku tatu!"

"Dawa!" Perpetua aliruka. "Dawa gani? Savera alikuwa ameshaiva, hata wewe ungemkalisha angesema. Na ungejua alichosema huko ndani, usingepiga kigelegele hata kimoja."

"Alisema nini?"

Angeweza kuishia hapo. Nimemtetea Perpetua mara nyingi, lakini hapo sina la kumtetea. Alisema yote, na homa, na kuzikwa Alhamisi, na lile la kwa nini si huyu. Utamu wake ulidumu funda moja la pombe. Kisha akaona Leokadia amenyamaza, Leokadia asiyenyamaza hata kanisani.

Kufika kesho yake neno lilikuwa limezunguka kilima chote. Leokadia hakusema kalitoa kwa nani, maana akitaja atakosa mengine. Konsolata alimshika mwanawe, mtoto mkubwa wa miaka kumi na mmoja sasa, akamkataza kuvuka uwanja, kisha akaanza kusimamisha ua wa matete katikati. Savera alisimama mlangoni anaangalia matete yanavyochomekwa, moja moja. Miche ile mipya hakuna aliyeimwagilia.

Na watu wote walisema: Ligeri. Nani mwingine, si ndiye aliyeambiwa? Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Perpetua naye alikuwa amekaa pale karibu na mlango. Na hilo nalo, sikieni maajabu, lilimuuma. Yaani amesahauliwa mpaka hata kushukiwa hashukiwi!

Ligeri alikuja kwake Ijumaa. Akamkuta anamenya muhogo, akakaa chini, akachukua kisu kingine wakamenya pamoja.

"Mama, maneno ya Savera yametoka."

"Nimesikia. Watu wabaya."

Ligeri akanyamaza, ule unyamavu wake. Perpetua alimenya muhogo mmoja, akamenya wa pili, wa tatu akaukata vibaya.

"Haya, mama," Ligeri alisema mwishoni, akainuka. "Amani."

Alijua. Na Perpetua alijua kwamba anajua.

Jumapili, baada ya misa, kilima kizima kilikusanyika kwenye uwanja wa shule. Wazee wa fimbo walikaa kwenye viti, Ligeri akapiga magoti kwenye mkeka mpya, amevaa nguo nyeupe aliyoshonewa na mama mkwe wake. Mzee Baragahorana akagonga chini.

"Huyu tunataka kumpa fimbo. Mwenye kumjua kwa ubaya aseme sasa."

Kimya. Akagonga mara ya pili, akauliza tena. Kimya. Alipogonga mara ya tatu, Savera akasimama.

"Mimi nasema." Sauti ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Nilimpa neno la mwanangu aliyekufa. Alimwaga maji mbele ya macho yangu. Leo hata watoto wanalijua. Msimpe."

Watu waliguna. Mzee akamgeukia Ligeri. "Mwanangu, ulilitoa?"

"Neno limetoka, baba. Na mimi nilikuwa mlinzi wake. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Nakuuliza ulilitoa wewe?"

"Sina la kusema, baba."

Hakumwangalia Perpetua. Hata kwa pembe ya jicho.

Mzee alishusha pumzi. Watu wakaanza kunong'onezana, na wazee wawili waliokuwa mwisho wa mstari, Perpetua aliwaona kwa macho yake, waligeuka kumtazama yeye. Fimbo ilikuwa tayari imechongwa. Ilikuwa ya mwanamke. Akianguka huyu, atapewa nani?

"Mama wa fimbo," mzee akaita. "Umekaa naye, umemlea. Una neno la kumsemea?"

Alichotakiwa kufanya ni kimoja tu, kukaa kama alivyokaa. Ule unyamavu uliomshinda miaka ishirini na sita, leo angeweza kuufanya mara moja tu, na kila kitu kingekuja mikononi mwake. Akafunga mdomo. Alimtazama Ligeri pale kwenye mkeka, mgongo umenyooka, anaanguka kwa ajili yake bila kulalamika. Na wivu ukampanda upya, wa kushinda wote uliotangulia. Hata kuanguka anaanguka vizuri kuliko mimi! Siku moja Leokadia atalewa, atasema, na watu watalia, watamwita Ligeri mtakatifu, na mimi nitakuwa na kijiti changu ukutani. Kisha akamwona Savera. Savera alikuwa bado amesimama, peke yake, watu wamemwachia nafasi kila upande kana kwamba ana ndui, na katika watu wote wale hakuna aliyekuwa akimtazama machoni.

Perpetua akainuka. Magoti yalilia.

"Nina neno. Maji tulimwaga wawili. Mimi nilikuwa karibu na mlango, mmenisahau. Neno la Savera nimelitoa mimi, kwa Leokadia, siku ya kahawa. Huyu mtoto hana kosa. Mpeni fimbo yake."

Leokadia alijifunika uso kwa kitenge. Mzee Baragahorana aliinuka kwenye kiti.

"Perpetua! Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa namwonea wivu. Nimemwonea wivu tangu mlete kile kibuyu, na hata sasa hivi ninavyosema namwonea wivu."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mshtuko, akanyamazishwa.

Wazee waliinamiana, wakanong'ona, kisha wakampa Ligeri fimbo. Hakukuwa na vigelegele. Na kwetu desturi ni kwamba fimbo mpya haitoki uwanjani bila kushika kesi yake ya kwanza, siku ile ile, hata kama ni ya kuku. Mzee akamgeukia Savera.

"Uliyekosewa ni wewe. Kesi hii unataka ashike nani? Tukushikie sisi wazee?"

Savera alimwangalia Ligeri muda mrefu, huyu ambaye yeye Savera alikuwa ametoka kumsingizia mbele ya kilima kizima.

"Huyu," alisema.

Wakatandika mikeka miwili. Miaka ishirini na sita Perpetua alikuwa amewaonyesha watu mkeka wa aliyekosa, kaa pale bwana, kunja miguu, na hakuwahi kujua kwamba ukiukalia unaona viatu vya watu tu. Savera alikaa kwenye mkeka wa pili. Ligeri akakaa kati yao, akagonga chini kwa fimbo, pigo moja dogo ambalo halikuwa na kiburi hata kidogo, na Perpetua akafikiri, mimi ningegonga kwa nguvu mno.

"Mama," Ligeri alisema. "Siku hiyo ya kahawa. Kabla hujafanya. Ni nani aliyekusalimia?"

Akanyamaza.

Perpetua alilisikia swali lake likimjia kutoka kinywa cha mwingine, na lilikuwa zuri, Mungu wangu, lilikuwa zuri kuliko alivyowahi kuliuliza yeye. Akaanza kuhesabu, maana ukishaulizwa huwezi kutohesabu. Aliamka. Akabeba kikapu. Savera alipita na Konsolata. Mke wa katekista alipita. Mapacha wa Butoyi, na kengele yao. Alihesabu mpaka akafika pale kwenye foleni, akainua uso kumwomba Ligeri amsaidie kidogo, aseme neno lolote, amguse hata goti. Ligeri hakumsaidia. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mdomo aliufunga kama alivyofundishwa.

"Wewe," Perpetua akasema. "Wewe peke yako."